Wa Mwisho Kwenye Msafara wa Kansay

Benchi la kijiwe cha bodaboda cha Karatu, lile lililo kando ya lami inayopanda kwenda lango la Ngorongoro, halijawahi kukosa mtu wa kulikalia wala jambo la kubishania. Magari ya watalii hupita yakiwa na mizigo juu na kofia za wageni madirishani, na wenye benchi huyatazama kama watu wanaotazama mvua ikinyesha kata ya jirani. Ijumaa hiyo asubuhi ukungu wa mlimani ulikuwa bado haujainuka, na Veronika muuza kahawa alikuwa ameshazungusha birika mara ya kwanza, Hhando alipotokea kwa miguu akivuta goti. Mwezi mzima hakuwa amekaa pale. Mara ya mwisho walikuwa wameondoka wote kwa msafara wa pikipiki kwenda Kansay, kumsindikiza mwenzao Silvanus kupeleka posa, na Hhando akaishia mtaroni. Kesho Silvanus anaoa, na msafara ni ule ule. Hhando alikuja na neno moja, alilokubaliana na mkewe Monika na kulirudia njiani mpaka likawa jepesi mdomoni: kesho siendi.

— Mpisheni mgonjwa, alisema Obed, mwenyekiti wa kijiwe, ambaye kwa kupenda kwake kutangulia walimwita Rubani. Mpeni upande litakapotokea jua.

— Chalii, karibu, alisema Silvanus. Yeye walimwita Injinia, kwa kuwa masika moja aliwahi kushinda gereji. Mimi kesho naoa, wewe bado unatembea kama unakagua shamba.

— Goti linakubali kidogo kidogo, Hhando alijibu.

Wa tatu, Kimaren, kijana wa Kimaasai mwenye shuka begani, aliinua kikombe kumsalimu. Alikuwa mrefu kiasi kwamba akikaa kwenye pikipiki, abiria wake haoni mbele, wakamwita Antena.

— Ero, Hhando, umenona. Kuanguka kumekupenda.

Hhando alicheka kwa pua, akapokea kahawa. Akavuta pumzi.

— Nilikuwa nasema, kuhusu kesho...

— Kesho tumeshapanga, alidakia Rubani. Mimi mbele na bendera. Gari la bwana harusi, ile Noah, katikati. Wengine mnaizunguka, honi bila kupumzika mpaka Kansay.

— Ila safari hii asianguke mtu, alisema Antena. Watu wa kule watafikiri Injinia ana mkosi.

— Siyo mkosi, alisema Injinia, akiweka kikombe chini kama mtu anayetaka ubao na chaki. Ni hewa. Pikipiki nyingi zikikimbia pamoja, zile za mbele zinaimaliza hewa. Wa nyuma anabaki hana kitu. Injini inakohoa, na dereva mwenyewe kichwa kinazunguka.

— Kwa hiyo Hhando alikosa pumzi? aliuliza Veronika.

— Kitaalamu, ndiyo.

— Nilikuwa napumua, alisema Hhando.

— Ulikuwa unadhani unapumua. Ndiyo dalili yenyewe.

Antena alitikisa kichwa kwa huruma.

— Injinia, gereji ilikufukuza mapema. Tatizo ni lile shimo la kwenye kalvati. Mimi nilipita pale nikiwa wa pili, nyuma ya Rubani. Hakukuwa na shimo. Akapita Hhando, shimo lipo. Nieleze.

— Hukuliona tu.

— Mimi huona mbuzi akiwa kilima cha pili. Ardhi ya kule ni laini. Mkipita wengi na mngurumo, inatikisika, shimo linasogea. Likikuta wa mwisho, linamtosha.

— Kwanza wewe hukuwa wa pili, alisema Injinia. Wa pili nilikuwa mimi, mwenye posa.

— Wewe ulikuwa unarekebisha tai kila kona. Nilikupita zamani.

— Hebu nyamazeni, alisema Rubani. Nimelifikiria jambo hili usiku na mchana. Ni soda.

Wote wakamgeukia. Hhando ndiye aliyebebeshwa kreti la soda siku ile, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na keria pana.

— Soda ikitikiswa inatengeneza gesi, Rubani aliendelea. Barabara ya Kansay mnaijua. Chupa zote zile zikatikisika pamoja. Gesi kitu chake ni kupanda juu. Sasa pikipiki ikawa nyepesi nyuma, tairi halishiki ardhi, breki zinashika upepo.

— Unataka kusema alikuwa anapaa, alisema Veronika.

— Alikuwa ameanza. Tungempa nafasi ya kutosha angetufikia kwa juu.

Benchi lilitikisika kwa kicheko. Hhando naye alicheka, maana ilikuwa vigumu kutocheka. Watu hawa hawakuwa wabaya. Alipolazwa walikuja na mikate na kelele mpaka muuguzi akawatoa. Rubani aliitengeneza pikipiki ya Hhando kwa mikono yake mwenyewe. Antena alimbebea Monika magunia ya mahindi mpaka ndani. Walikuwa wamefanya kila kitu, isipokuwa kumuuliza ilikuwaje.

Na haikuwa na hewa wala gesi. Msafara uliingia barabara ya vumbi kwa fujo, kila mmoja akitaka kuwa mbele. Yeye, kwa uzito wa kreti, alibaki nyuma. Vumbi jekundu likawa zito, akawa anafuata taa nyekundu iliyo mbele yake kwa karibu mno, kwa sababu akiiacha haoni kitu. Penye kalvati ile taa ikasimama ghafla. Alikuja kujua baadaye kwamba Rubani alisimama kupiga picha ya msafara, na aliyemfuata akakamata breki, na mwingine, na mwingine. Hhando alikwepa ili asimgonge mtu. Mtaro ukampokea, pikipiki ikamlalia mguu, chupa zikapasuka huku na huku. Alipiga kelele mara chache, halafu akanyamaza asikilize. Honi zilikuwa zinaondoka. Zilikwenda zikipungua mpaka zikawa kama nyuki, kisha akabaki na mlio wa soda ikimwagika. Alijiambia, sasa hivi watageuza. Kivuli cha mtaro kilimfikia kifuani kabla hajasikia sauti ya mtu, na hao walikuwa kina mama waliokuwa wakitoka kuchanja kuni. Ndio waliomnyanyulia pikipiki.

— Kuhusu kesho, alianza tena.

Lakini gari la abiria kutoka vijijini lilisimama ng'ambo ya barabara, akashuka mama mmoja mwenye kikapu na kitenge kilichofungwa imara. Injinia alisimama haraka, akajipangusa suruali.

— Shangazi huyo. Shangazi yake Lilian. Kaeni vizuri jamani.

Mama Bernadina, shangazi wa bibi harusi, ndiye aliyekuwa mkubwa wa jikoni siku ya posa, na kesho pia jiko lilikuwa lake. Alikuja Karatu kutafuta viungo na sufuria ya kuazima. Walimwamkia wote kwa pamoja.

— Shikamoo shangazi.

— Marahaba wanangu. Kuna nafasi ya mtu mzima hapo?

Walibanana. Veronika alimmiminia kikombe. Injinia, akitaka kuonyesha kwamba kijiwe chake ni cha watu wenye akili, alimweleza habari ya hewa. Rubani akaongeza gesi, Antena akatetea shimo lake. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akinywa kahawa taratibu, kisha akamtazama Hhando.

— Ndiye wewe wa mtaroni?

— Ndiyo mama.

— Pole sana, mwanangu. Hatukuonana.

— Nimeshapoa mama. Asante.

Mama aliweka kikombe chini ya benchi.

— Mimi hayo ya gesi sina elimu nayo. Nina la jikoni. Siku ile niliambiwa mnakuja wangapi, nikapakua sahani ya kila mtu. Mkakaa, mkala. Ikabaki sahani moja imejaa. Nikatoka nayo nikauliza, jamani, hii ya nani? Mmoja wenu akaniambia, iache hapo mama, haitaharibika. Niliporudi ilikuwa tupu. Ile sahani aliila nani?

Rubani alimtazama Injinia. Injinia alimtazama Antena. Antena aliangalia gari la watalii lililokuwa linapita, kama vile ndani yake kulikuwa na mjomba wake. Gari likapita likaisha, naye akawa hana pengine pa kuangalia. Veronika aliinamisha birika kwenye kikombe cha Rubani, yakatoka machicha.

— Imeisha, alisema, na hakuna aliyeuliza kama ataweka nyingine.

Hhando ndiye aliyeuliza.

— Ilikuwa na nini?

— Wali, mama alisema. Na paja la mbuzi. Niliwapa madereva paja.

— Ilikuwa imeshapoa, Antena alisema kwa sauti ya chini kabisa.

Kicheko kilimtoka Hhando bila kupanga, kikamuuma mbavu, akajishika. Wenzake wakacheka naye kwa tahadhari, kama watu wanaojaribu maji kwa kidole, wakanyamaza kabla yake. Alipojifuta macho aliona kwamba sasa wanamtazama, wanangoja. Lile neno alilolileta halikuja. Likaja jingine.

— Nilizisikia honi zenu zikienda.

Hhando alilinyoosha goti taratibu.

— Nilijua mtageuza. Kila nikisikia mlio najiambia ni nyie. Mara ni trekta, mara ni upepo.

Rubani alikuwa amevua kofia yake ya baridi, anaikunja na kuikunjua.

— Tulidhani uko nyuma, alisema.

— Nilikuwa nyuma.

Rubani aliibana ile kofia magotini. Alizungumza na ardhi.

— Antena, kesho bendera utashika wewe. Uende pole. Mimi nitakuwa wa mwisho.

— Utakula vumbi lote la Kansay, Antena alisema.

— Nitakula.

— Afadhali vumbi, alisema Veronika akisuuza vikombe. Kuna wanaokula sahani za wenzao.

Antena aliinama, akakubali lile pigo kama alivyostahili.

— Monika amenikataza nisiende, Hhando alisema hatimaye. Na mimi nilikuwa nimekataa. Lakini nikienda, siendi vile. Tusifuatane puani. Tuachiane nafasi vumbi lipite, na tusiende sambamba kama tunashindana. Anayetaka picha aseme kabla, tusimame pembeni wote. Na kila mtu amwangalie wa nyuma yake kwenye kioo. Asipomwona, asimame.

— Tukisimama-simama hivyo si tutafika jioni, Injinia alisema. Mchungaji anasubiri.

— Mchungaji nitampa chai, alisema Mama Bernadina. Na sipakui mpaka nimwone wa mwisho akishuka.

Injinia alifikiri kidogo kuhusu kufika kwenye harusi yake na kukuta jiko limegoma.

— Basi tutoke mapema, alisema. Hhando, unakuja?

Hhando alitazama pikipiki zilizopangwa kando ya lami. Yake ilikuwa ile ya mwisho, imeoshwa. Rubani ndiye aliyeileta asubuhi hiyo, bila kuambiwa.

— Kioo changu cha pekee kilibaki mtaroni, alisema. Nitamwonaje wa nyuma yangu?

Antena alisimama kabla hajamaliza. Alikwenda kwenye pikipiki yake, akatoa spana chini ya kiti, akaanza kufungua kioo chake mwenyewe, kimoja tu alichokuwa nacho. Alifanya kazi hiyo kwa bidii kubwa, ulimi nje, bila kumtazama mtu. Nati ililegea, akakichomoa, akakifuta kwa pembe ya shuka lake na kuja nacho kwenye benchi kwa mikono miwili.

— Kichukue. Hakina ufa.

Hhando alikipokea. Mama Bernadina alikuwa ameshanyanyuka, anapanga kikapu chake begani.

— Na wewe, mwanangu, ndiye wa mbele na bendera? alimuuliza Antena.

— Ndiyo mama.

— Wa nyuma yako utamwona kwa kioo gani?

Antena alisogea nyuma ya benchi, akaitazama pikipiki yake iliyobaki bila kioo. Injinia alikuwa na nadharia, ilionekana usoni, lakini haikufika mdomoni. Rubani alijikuna shingo. Hhando, akiwa amekishika kile kioo magotini, alimwona Antena ndani yake, mrefu, amesimama nyuma ya bega lake, bado anatafuta jibu.