Karani Aliyejifunga Kamba na Walevi

Ndugu wa ukoo, majirani wa Bigwa, mliosimama sawasawa na mlioegemea ukuta, huyu ndiye Benedikto tunayemzika leo.

Marehemu Benedikto Mkude alizaliwa Matombo, mwezi Machi 1884, mtoto wa pili wa mama Anastasia. Mama anasimulia kwamba alichelewa kusema, na alipoanza, alianza kwa kukataa uji.

Mwaka 1898 aliingia shule ya misheni palepale Matombo, akabatizwa mwaka uliofuata. Hesabu zilimshinda, kuimba kulimshinda zaidi, lakini mwandiko wake ulikuwa safi hata mwalimu akawa anampa barua zake azinakili. Mwandiko huo ndio uliomponza.

Mwaka 1905 kampuni moja ya mashamba ya mpira ilimwajiri ukarani, akahamia Mikese. Alipewa kofia nyeupe, meza, na kiti chenye mgongo. Kando ya meza lilikaa pipa la pombe. Mtu alinywa kwanza, kisha akabonyeza dole gumba kwenye mkataba. Akili ikimrudia, yuko shambani. Benedikto aliandika majina. Ukoo mzima ulijisifu kwa kofia ile. Tusijifanye leo tumesahau.

Alifunga ndoa na Theresia tarehe 12 Februari 1907. Miaka miwili baadaye kaka yake Theresia, Maneno, alipita Mikese, akanywa, akabonyeza. "Shemeji, niandike vizuri," alisema huku akicheka. Benedikto akamwandika. Baada ya miezi mitano Maneno alirudishwa kwa machela, akafia njiani. Theresia aliuomba ule mkataba, akautazama kwa muda mrefu. "Jina la kaka yangu umelipendezesha kweli," akamwambia mumewe. Kesho yake Benedikto aliirudisha kofia. Sisi tukamwita mwendawazimu.

Alijenga nyumba hapa Bigwa, akawa anawachukua watu ambao pombe imewashika. Dawa yake ilikuwa kamba ya mgomba: ncha moja kwenye mkono wa mlevi, nyingine kwenye mkono wake mwenyewe, wiki tatu mfululizo, shambani, mtoni, hata kanisani. Padri alipomwuliza, "Benedikto, huyu mfungwa wako?" alijibu, "Hapana, Baba. Mimi ndiye mfungwa wake. Akienda pombeni, naburutwa." Na aliburutwa kweli, mara mbili, mchana kweupe, Morogoro nzima ikishangilia. Kati ya watu thelathini na mmoja aliowafunga, kumi na mmoja waliacha kabisa. Sita tumewazika. Waliobaki wako hapa. Wengine tunawaona, wengine tunawanusa.

Masika ya mwaka huu alishikwa na kichomi. Daktari mmoja mjini alimwandikia brandi, kijiko asubuhi na kijiko jioni. Wakati huo alikuwa amefungwa na Ahmadi, mshona viatu, ambaye dini yake ilimkataza pombe tangu utotoni na hakuisikia. Benedikto akakataa dawa. "Harufu ikitoka kinywani mwangu," alisema, "huyu ataifuata mpaka tumboni." Alifariki Jumatano, tarehe 4 Juni 1913, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 29. Ahmadi ndiye aliyeikata kamba. Leo ni siku yake ya kumi na tano bila kuonja.

Asubuhi hii kampuni imeleta rambirambi: kasha la pombe kali, la wachimba kaburi. Wanaijua desturi yetu, kwamba mchimbaji akimaliza hunyweshwa. Na Ahmadi amechimba tangu alfajiri.

"Tangu lini mchimba kaburi akaondoka na koo kavu?" alifoka mjomba Kasiani, mkubwa wa ukoo. "Mnataka watu watucheke?"

Ahmadi akatoka shimoni, udongo mpaka kwenye nyusi. "Shikamoo, mzee Kasiani. Mimi naitaka kuliko wewe. Ndiyo maana nakuomba usilifungue."



Marehemu ameacha mama, mjane Theresia, watoto wawili, Andrea na Maria, wapwa tisa, na Ahmadi. Kasha liko nyuma ya kanisa. Anayetaka kulifungua aseme sasa, mbele ya jeneza, ili jina la Ahmadi tulifute mapema kwenye orodha hii ya aliowaacha marehemu.

Mungu ampumzishe Benedikto. Sisi tulimchosha.