Mama Saa Anafunga Chumba Kisicho na Saa

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, muuguzi mkuu wa kitengo chetu cha utafiti wa ugonjwa wa kusahau anastaafu. Tunamwita Mama Saa, kwa kuwa kila anayeingia chumbani kwake hupewa penseli na kuombwa achore saa, kipimo chetu cha kumbukumbu. Ukutani saa haipo, mtu asije akaiba jibu. Ndiyo maana Mama Saa hajawahi kuwahi kikao hata kimoja.

Alianza enzi za vidonge vilivyoamsha kumbukumbu miezi michache, kisha zikazimika tena. Zikaja dawa za kuondoa uchafu unaoganda kwenye ubongo. Picha zilionyesha ubongo umesafishika, wazee wakaendelea kupotea njia ya chooni. Kila jaribio lilipofungwa, madaktari walitaka kuwatumia ndugu wa wagonjwa ujumbe wa simu. Mama Saa aligoma. Aliwapigia mmoja mmoja, akawaacha walie, kisha akarudi kutusimanga kwa chai tuliyoiacha ipoe.

Siku hizi zipo sindano zinazopunguza kasi ya ugonjwa kidogo, ukiwahiwa. Yetu tutaanza kuijaribu mwezi ujao.

Tulipokuwa tukichagua washiriki, mapema mwaka huu, aliletwa mume wa Mama Saa, fundi seremala. Nilimpima mimi, maana sheria haimruhusu mke. Mama Saa alikaa kwenye benchi la koridoni, mkoba mapajani. Mzee alichora duara safi, mkono wa fundi haswa, kisha akaniuliza kwa aibu namba zinaanzia wapi. Alikosa nafasi kwa alama mbili.

Maswali yetu yote Mama Saa anayo kichwani. Jioni chache za kumfundisha mumewe zingetosha. Nilimuuliza kwa nini hakufanya hivyo. Alinijibu kwamba dawa ikipewa mtu aliyekwisha kuchelewa itaonekana haifai, itatupwa, na watakaoumia ni wazazi wa watu wengine. Kisha akaniambia niache kuzubaa, niite anayefuata.

Sitaandika kwamba anakwenda kupumzika, tutakuwa tunadanganyana. Anakwenda kumuuguza mumewe, ambaye wiki iliyopita alimshukuru kwa uji, akamwita sista na kumuuliza ana watoto wangapi. Mama Saa alimjibu kwamba ni watatu, na wote wamefanana na baba yao.

Asante, Mama Saa. Tunakutakia siku njema nyingi pamoja naye, hata zile utakazozikumbuka peke yako.