Gia Ndogo na Kilima cha Hospitali

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu, tuliyemwita Gia Ndogo kwa sababu alitembea polepole na hakuna mlima uliomshinda, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, akiwa kitindamimba wa seremala, akasoma shule ya msingi iliyo jirani na nyumbani kwao hadi mwaka 1975, kisha akaingia gereji ya mjomba wake, akawa anaosha vyuma kwa dizeli mpaka alipoaminiwa kushika spana.

Kazi yake ilikuwa transfa, kile kisanduku kilicho nyuma ya giaboksi, kinachogawa nguvu ya injini kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, na hakuna dereva hapa ambaye hajachoshwa na somo lake, kwamba foo wili, yaani kuendesha magurudumu yote manne yakiwa yamefungwa pamoja, ni ya tope, kwenye lami kavu itoe, kwa kuwa gari likikata kona magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi mwendo sawa, yakifungwa pamoja yanavutana, na mnyororo wa ndani ndio unaoumia.

Tarehe 9 Desemba 1989 alifunga ndoa na mke wake, aliyemchumbia akiwa na grisi mpaka kwenye nyusi, wakajaliwa watoto watatu.

Tarehe 3 Mei mwaka huu, mvua ikinyesha tangu alfajiri, alibanwa na kifua, na gari la wagonjwa lililokuja kumchukua ndilo alilolifungua wiki iliyotangulia, akakuta mnyororo wa transfa umekatika kwa kuwa dereva wake aliliendesha foo wili kwenye lami, akalifunga liende kwa magurudumu ya nyuma tu, akasisitiza lisipande kilima cha hospitali kwenye tope mpaka mnyororo mpya ufike. Gari jingine halikuwepo. Katikati ya kilima magurudumu yakazunguka bure, dereva yuleyule akachanganyikiwa, akawa anavuta leva ya foo wili, na marehemu, kichwa kikiwa mapajani mwa mkewe, akamwambia kwa upole aiache, leva hiyo haishiki kitu. Mkewe anasema sauti ile haimtoki masikioni, kwani alijua mumewe ameshaelewa kwamba hawafiki. Marehemu alikata roho hapo hapo, taa za hospitali zikionekana.

Tunawashukuru madaktari walioteremka kwa miguu kutufuata, majirani waliosukuma hadi wakapoteza viatu, na mafundi wenzake waliofunga mnyororo mpya juzi, ulipowasili. Nawe dereva, tunajua uko hapa, shemeji yetu, mjane wa marehemu, ameomba tuseme bado hajaweza kukusamehe, ila usiondoke kabla ya maziko kwisha.

Gia Ndogo, pumzika wewe kwa amani, maana sisi uliotuacha hatuna hata chembe.