Dodoki la Bwana Shingo

Tarehe 30 Juni 2025 Ofisa Tabibu Antipasi Mazengo anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, kumi na tisa kati ya hiyo katika kliniki yetu ya ngozi hapa Utemini.

Wagonjwa wanamwita Bwana Shingo. Hata ukija na upele wa mguuni, ataitikia shikamoo yako, kisha atakuomba ulegeze mtandio akutazame kisogoni. Wenye madoa meusi mashavuni huwauliza kuhusu ujauzito, vidonge vya uzazi wa mpango, jua la shambani na, kwa sauti ya chini, mkorogo wa kujichubua. Hagombi. Huomba tu kopo liletwe alione. Yameletwa mengi, na langu limo.

Upole huo hakuzaliwa nao. Mwaka 1998, akiwa zahanati ya kijijini wilayani Iramba, alimpokea Stumai, mkulima wa alizeti. Ngozi ya shingo na makwapa yake ilikuwa imegeuka nyeusi na nene, laini kama mahameli. Ukweni walishasema ni mchafu, na mumewe alitishia kumrudisha kwao. Mzee Antipasi, wakati huo kijana mwenye haraka, alimwambia akasugue kwa sabuni na dodoki.

Stumai alitii. Alisugua mpaka akachubuka, vidonda vikagoma kupona, na baada ya miezi mitatu akaletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe akiwa hajitambui. Kipimo cha mkojo kilionyesha sukari. Weusi ule ulikuwa dalili tangu mwanzo.

Alipata nafuu, lakini maneno ya ukweni hayakuisha. Basi Mzee Antipasi alikwenda mwenyewe, akamwamkia mama mkwe, akaketi.

"Mama, shingo hii haina uchafu. Ni ugonjwa. Aliyekosea ni mimi, nilisema bila kupima."

Stumai hakurudishwa kwao. Mzee aliliomba lile dodoki, na tangu hapo limekuwa likining'inia kwenye msumari juu ya meza yake. Niliwahi kutaka kulitupa; nilisimuliwa habari hii mpaka chai yangu ikapoa. Wengi wamegunduliwa kuwa na kisukari mapema kwa udadisi wake wa visogo, na inatuuma kumpoteza.

Wiki iliyopita alikuwa akifungasha vitu vyake, dodoki likiwemo. Stumai, aliyekuwa amekuja kuchukua dawa zake, alimzuia, akatuonyesha kidole sisi tunaobaki.

"Liache, Daktari. Wewe ulishajifunza. Hawa bado."

Asante, Mzee wetu. Nenda ukapumzike shambani kwako Ulemo, uzione alizeti zako zikichanua kwa miaka mingi yenye afya. Dodoki limerudi kwenye msumari wake.