Chupa Namba Tisa Haikuwa Chafu

Mheshimiwa Mkuu wa Maabara, Daktari Njenga. Waheshimiwa watafiti mliokuja na suti kwenye joto hili la Doha. Ndugu wageni waalikwa. Na wenzangu wa mifagio na mageti, mliokaa nyuma kama kawaida yenu.

Mimi Idrisa nina miaka sitini na tatu. Makafili wawili, wadhamini wangu wa kazi hapa, wamekufa nikiwa hai, mashine nne za kutikisa chupa zimekufa nikiwa hai, na wakuu watatu wa maabara waliosema sitamaliza mwezi mmoja wameondoka wao. Leo, mwaka 2014, naondoka kwa miguu yangu. Kusoma sikusoma sana. Naandika jina langu na tarakimu, basi. Bahati nzuri kazi yenu yote hapa ni tarakimu.

Wageni, msihangaike, nitawaeleza. Hawa wakubwa huchukua unga wa dawa ya homa, wakautia kwenye chupa kumi na moja. Ya kwanza ina maji matupu, ya mwisho spiriti tupu, za katikati mchanganyiko, spiriti ikizidi hatua kwa hatua. Zinatikiswa siku mbili kwenye joto lilelile, halafu inapimwa dawa iliyoyeyuka. Unga lazima ubaki chini, ndiyo alama kwamba chupa imeshiba. Usipobaki, hujapima kitu, umepima ubahili wako. Hilo nilimfundisha mtu mwenye shahada tatu. Simtaji. Amevaa tai nyekundu.

Mwaka juzi Daktari wetu alikuwa na mstari kwenye kompyuta, wa kutabiri kila chupa itayeyusha dawa kiasi gani. Mstari mzuri jamani! Umenyooka kama kanzu ya Ijumaa, kutoka maji hadi spiriti. Ubaya wake mmoja tu: chupa zilikataa kuufuata. Nyingine zilipanda kidogo, zikasamehewa. Namba tisa ikayeyusha dawa kupita hata spiriti tupu. Je, mstari ulikosea? Mstari wa Daktari? Haiwezekani! Basi aliyekosea ni mwosha chupa.

Akaniita. "Mzee Idrisa, umeacha dawa ya zamani kwenye namba tisa."

"Daktari, nasuuza mara tano. Kikombe chako cha kahawa ndicho ninachosuuza mara sita."

"Sasa dawa ya ziada imetoka wapi?"

"Tazama chini ya chupa. Unga si huo umebaki? Imeshiba. Hata ningeacha kijiko kizima, kingelala pale chini na wenzake."

Akacheka. Nikaandikiwa barua ya onyo, kwa Kiingereza kizuri sana, naambiwa. Nikatakiwa kusaini. Jina langu najua kuliandika, na pale nikakataa kuliandika.

Dada Rehema, mpimaji wetu, akafungua boksi la chupa mpya ambazo sijawahi kuzigusa. Wiki nzima mimi nikakaa getini na Philipo mlinzi, ndani sikutia mguu. Rehema akapima. Namba tisa, vilevile. Akarudia. Vilevile. Daktari akaongeza kipande kwenye hesabu zake, mstari ukapinda, ukaikuta chupa ilipokuwa inamsubiri. Ripoti ikasomwa kwenye hoteli ya West Bay. Makofi, naambiwa, yalikuwa marefu.

Hongera sana, Daktari. Nami leo mmenipa keki na saa ya ukutani. Lakini ile barua bado imo kwenye faili langu, na cheti changu cha utumishi kinaandikwa kutoka faili hilohilo. Keshokutwa nafika Tanga. Mke wangu aulize, "Miaka kumi na minne unawaoshea watu vioo, na uchafu ndio uliorudi nao?" Nimjibu nini? Nimuoneshe saa?

Saa chukueni. Faili nimelileta mwenyewe, lile pale mezani kando ya keki. Barua sitaichana mimi. Ataichana aliyeiandika, mbele ya hawa wote, na ndege yangu ni kesho jioni, nina muda wa kusubiri.

Asanteni kwa kunipa masikio yenu. Mwenye kubisha amuulize Rehema, aliyepima. Amuulize Philipo, mwenye daftari la geti. Na asiyeamini watu, ile namba tisa ya kwanza ipo kabatini, kizibo juu, unga chini. Niliamriwa niioshe. Sijaiosha.