Mzee Wakoli Akubali Kukaa Mbele ya Kamera

Baada ya miaka ishirini na minane ya kuwaambia watu wainue kidevu, Mzee Absalom Wakoli anastaafu leo, tarehe 30 Novemba 2006. Kazi ya videvu sasa imetuangukia sisi tunaobaki Studio Tabasamu, hapa Kitale na kwenye tawi letu la Bungoma.

Aliajiriwa mwaka 1978 kufagia na kubeba taa. Ufagio hakukaa nao sana. Mwaka 1980 alifunga ndoa na Bi. Bilha kanisani Kabuchai, na hapo ndipo yalipompata. Bwana harusi hakumwamini mtu mwingine na taa. Alizipanga mwenyewe akiwa ndani ya suti, na moja akaiweka nyuma ya maharusi ikiitazama kamera ana kwa ana, ati bibi harusi ang'are. Mwanga ukaipiga lenzi moja kwa moja. Picha zilipooshwa, Bi. Bilha alikuwa ametoka vizuri ajabu, na kando yake duara jeupe limevaa suti.

Picha hiyo ingali sebuleni kwao Tuwan. Wageni wakiuliza aliolewa na nani, Bi. Bilha huwajibu kwamba aliolewa na balbu. Lakini jamani, mzaha huo una uchungu wake. Miaka yote hii ameomba picha moja tu yenye uso wa mumewe, na hajaipata, kwa sababu Mzee akikalishwa kitini huruka mara moja kwenda kurekebisha taa.

Hasara yake ikawa faida yetu. Alitufundisha kusogeza taa kando, kuificha ya nyuma mgongoni mwa anayepigwa picha, kufuta vumbi kwenye lenzi na kuikinga kwa kadibodi nyeusi. Kadibodi ikikosekana, alitumia kofia yake, sinia, hata shemasi mnene. "Taa ione mtu, isione renzi, bana!" ndiyo ilikuwa salamu yetu ya asubuhi. Kamera za dijitali zilipoingia, sisi vijana tulidhani tumepona, maana picha mbaya si unafuta tu? Alitununia wiki nzima.

Harusi ya Bumula ya mwaka 2003 hatutaisahau. Taa za ukumbini zilikuwa kali, kwa hiyo Mzee akampa shangazi wa bwana harusi, Mama Nakhungu, mwavuli mweusi aufungue kando ya kamera. Ulikuwa msimu wa kuanika mahindi. Wageni walipoona mwavuli umefunguliwa, nusu ya ukumbi ilitoka mbio kwenda kuanua, na mchungaji akabaki akiwabariki maharusi na viti. Nje jua lilikuwa linawaka kama kawaida. Picha, hata hivyo, zilitoka safi kabisa.

Wiki iliyopita tulihitaji picha ya jalada la kijitabu hiki cha kumuaga. Mimi, Jerono, nilimkalisha Mzee kwenye kigoda na kuwasha taa. Kila nilipobonyeza, kigoda kilikuwa kitupu na mkono wake uko kwenye taa. Nilimsihi, nikamkemea, wapi! Nikaanza kuona jalada letu litakuwa na kigoda tu.

Ndipo Bi. Bilha akaingia na chakula cha mchana cha mumewe. Aliweka kikapu chini, akamvua mumewe kofia, akasimama kando yangu na kuikinga lenzi kwa kofia hiyo, sawasawa kabisa kama Mzee anavyofanya. Kisha akasema neno moja: kaa. Mzee akakaa, nami nikabonyeza.

Kwa hiyo msiulize kwa nini kwenye jalada anatazama kando huku akitabasamu. Anamtazama aliyeshika kofia. Bi. Bilha ameshaitundika picha hiyo sebuleni karibu na ile ya balbu, na alilia akiitundika, nasi tukalia naye.

Asante sana, Mzee Wakoli, kwa kila uso uliotuokolea. Tunakutakia afya njema na siku tamu pale Tuwan. Na mama akikwambia kaa, tafadhali, kaa.