Kipumulio cha Dada Ok-hui

Kijiwe chetu ni benchi la mbao kando ya mashine ya kahawa, kwenye uchochoro nyuma ya maduka ya vyombo vya muziki, mtaa wa Jongno. Kila asubuhi tupo pale, vikombe vya karatasi mkononi, tunabishana mambo tusiyoyajua. Siku ile hapakuwa na kicheko. Gwang-sik, ambaye sisi humwita Daktari wa Masikio, alikuwa na koleo ndogo mkononi, na magotini ameweka visikilizio vya kutia masikioni, alivyomchongea Ok-hui, mwimbaji wa nyimbo za zamani, ili aisikie bendi akiwa jukwaani. Saa nane mchana Ok-hui anaimba kwenye televisheni, moja kwa moja. Miaka miwili nyuma masikio yalimuuma jukwaani, akavichomoa visikilizio vyake vya wakati ule, akapotezana na bendi mbele ya nchi nzima. Hakuitwa tena mpaka leo. Na jana mazoezini, akiwa na hivi vipya, maumivu yamerudi.

— Nimebadilisha kipumulio mara tatu, alisema Daktari. Chekundu kinaachia hewa, sikio linapumzika, ila besi inakimbia na kelele za ukumbini zinaingia. Cheusi kinabana, besi inarudi, na dada wa watu anatoka machozi. Hiki cheupe cha katikati anasema kinamjaza kichwa.

Kipumulio chenyewe ni kidude cha ukubwa wa punje ya mtama. Kazi yake ni kuiachia hewa iliyozibwa sikioni.

— Tia chekundu kulia, cheusi kushoto, alisema Kanali, aliyekuwa fundi wa redio jeshini. Kidole kimoja hakivunji chawa.

— Aimbe kapinda shingo? aliuliza Daktari.

— Bora shingo kuliko mdundo.

Profesa, muuza nyaya, alitikisa kichwa.

— Tatizo ni mvua. Mvua ikikaribia hewa inakuwa nzito, inasukuma.

— Studio iko chini ya ardhi, Profesa, nilimwambia.

— Ndiyo maana. Kule chini bado kuna hewa ya juzi.

— Mimi nasema ni pumzi, akadakia Kanali. Mwimbaji akipandisha sauti anameza hewa. Isipotoka mdomoni itatokea wapi? Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo methali inaingiaje hapa, kaka? aliuliza Profesa.

— Hewa ndiyo mgeni.

— Nyamazeni, alisema Daktari. Huyu mama ana miaka sitini na moja. Leo akiharibu, basi tena. Mnanielewa?

Tulimwelewa. Mimi niliona aibu, nikasema chochote:

— Rudisha chekundu. Besi ataisikia kwa miguu.

Ndipo akafika Mi-ran, mdogo wake Ok-hui, kuja kuvichukua visikilizio. Alitusalimia kwa kuinama, akasimama akisikiliza hoja ya mvua mpaka mwisho.

— Samahani, kaka zangu. Dada akikaa kimya haviumi. Vinaanza akiimba tu. Kwani mtu akifungua mdomo, sikio halisogei?

Kanali alitia kidole sikioni, akaachama. Profesa naye akafanya hivyo. Nikajaribu na mimi: taya liliposhuka, tundu la sikio likajikunja na kubadilika umbo kidoleni mwangu.

Daktari hakujaribu. Alikuwa ananitazama mimi. Mwezi uliopita, alipomimina mpira laini kwenye masikio ya Ok-hui ili apate umbo la tundu zake, mimi ndiye niliyemshikia tochi. Miaka kumi Daktari amewachongea wapiga gitaa na wapiga ngoma, watu wanaofanya kazi mdomo umefungwa. Ok-hui alitaka kuongea kidogo, na mimi nikamwambia: funga mdomo, dada, tulia. Alitulia kabisa, maskini, na umbo likatoka la mdomo uliofungwa.

— Kuchukua umbo jipya na kuchonga ni siku ngapi? aliuliza Mi-ran.

— Nne, alisema Daktari.

Ilikuwa saa tano na nusu. Daktari alirudisha vipumulio vyekundu, akafunga kisanduku, akampa Mi-ran kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mkubwa wake.

— Dada akiuliza kama vimetengemaa, nimwambieje? aliuliza Mi-ran.

Tulikuwa wanaume wanne, na tangu asubuhi hakuna aliyekosa la kusema. Kanali aliangalia kikombe chake. Mi-ran alitia kisanduku mkobani na kwenda zake.